Wimbo Usio na Chama

Harufu ya maganda ya kahawa yanayochacha haina adabu. Unaweza kuwa umevaa nguo yako nzuri ya kanisani, unapita zako tu kwetu Igamba msimu wa mavuno, ikakushika na kukurudisha utotoni bila kukuuliza. Mimi hunipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya babu.

Babu aliwaachia wanawe wawili, baba yangu na baba mdogo Ambele, mashine moja ya kumenyea kahawa. Kahawa iliyochumwa asubuhi isipomenywa jioni ile ile huharibika, kwa hiyo kila jioni nyumba zetu mbili zilikutana uani kwetu. Mmoja alizungusha mpini, mwingine akamimina kahawa na maji, na sisi watoto tukachambua mbichi. Redio ya baba mdogo ilitundikwa msumarini. Kulikuwa na mwimbaji mmoja wa bongo fleva ambaye baba alimpenda kupita kiasi. Mzee mzima wa kanisa, alikuwa akimwigiza mpaka mama anashika mbavu.

Kisha zikaja kampeni. Baba alikuwa upinzani, baba mdogo alikuwa chama tawala, na miaka yote waliishia kutaniana. Mwaka huo yule mwimbaji akapanda jukwaani na kofia ya chama tawala. Kesho yake wimbo wake ulipoanza tu, baba akazima redio.

"Kaka, huo si wimbo wa mapenzi tu?" baba mdogo akauliza.

"Ulikuwa," baba akajibu.

Baba mdogo naye akalipiza. Mchekeshaji aliyeonekana na wapinzani hakusikika tena uani kwetu. Ikafuata kwaya, eti iliimba kwenye mkutano wa hadhara. Jamani, hata kwaya! Mwishowe tukawa tunamenya kimya, mashine ikilia peke yake, na nikachoka uchovu ambao mtoto hapaswi kuujua. Jioni moja baba mdogo akasema basi, mashine iuzwe, wagawane, kila mtu akamenye anakojua. Mama aliingia ndani, nikamsikia analia. Hata mimi nilielewa kwamba mashine ikiondoka, hawa wawili hawatakuwa na sababu nyingine ya kukutana.

Kesho yake baba aliiwahi redio. Akaizungusha taratibu, akazipita stesheni zote za kwetu, mpaka akaipata moja ya Zambia. Ulikuwa wimbo wa Kibemba, magitaa mepesi, watu wakiitikia kwa furaha. Baba mdogo alitega sikio.

"Huyu naye wa chama gani?"

"Wa Zambia," baba akasema. "Mimina maji."

Baba mdogo akacheka, akamimina. Msimu ule tuliumalizia kwa Kibemba, tukiimba kwa sauti kubwa maneno tusiyoyajua. Uchaguzi ukapita, na habari ya kuuza mashine haikutajwa tena.

Nilipokua nilikwenda Tunduma, mpakani na Zambia, kuuza mchele, na kwa kubishana bei na Wazambia nikakijua Kibemba. Siku moja duka la jirani likapiga wimbo ule ule. Nikabaki na kopo la kupimia mkononi. Ulikuwa wimbo wa kampeni! Ulimsifu mgombea wa chama kimoja cha kule, na wapinzani wake ukawatukana bila haya.

Nilimpelekea baba habari hiyo nikidhani atacheka. Hakucheka. Nilikuwa nimesahau kwamba kabla ya kuoa alifanya vibarua Zambia.

"Nilijua tangu siku ile," alisema. "Neno kwa neno."

"Sasa mbona hukuzima?"

"Ningezima, mimi na Ambele tungesikiliza nini tena?"

Siku hizi kaka zangu na watoto wa baba mdogo wanaondoana kwenye kundi la ukoo la simu kwa sababu ya msanii fulani na kofia yake. Nimewasuluhisha mpaka nimechoka, na sauti ya ujumbe ikilia natamani kuizima simu. Utotoni nilimwona baba mtu mgumu, asiyevumilia hata wimbo. Kumbe jioni zile zote, nami nikiimba kwa nguvu zangu zote, alikuwa akimbembeleza mdogo wake asiondoke.