Waya wa Buluu

Juzi asubuhi, katika kiwanda cha maziwa ninakofanya kazi hapa Nakuru, mtambo wa kuchemshia maziwa ulikatika mawasiliano ghafla. Nje, magari ya maziwa kutoka Kuresoi yalikuwa yamepanga foleni juani. Mimi ndiye fundi wa mitandao, na kusema kweli nilifurahi kidogo, maana meneja alikuwa amesimama pale akinitazama.

Kila mashine yetu ina namba yake ya mtandao, ili amri zisichanganyike. Nilichomoa waya wa mtandao kwenye mtambo, kisha nikaiita namba yake mtandaoni kwa programu ya simu yangu. Ikaitika! Basi kulikuwa na kifaa kingine kilichotumia namba ile ile.

Nikamgeukia Atieno, anayeendesha mtambo. "Ni wewe umeunganisha kitu yako hapa?"

"Mimi? Apana, boss."

"Leo tutajua ni nani. Madam, huyo mtu asirudi kazini kesho," nikamwambia meneja, kwa sauti iliyofika getini.

Kwenye kisanduku cha mtandao niliona kifaa hicho kimepitia waya wa buluu. Nikaufuata, wao wawili wakiwa nyuma yangu. Ukapita ukutani, ukaingia ofisi ya mafundi, ukapanda mezani kwangu, ukaishia kwenye kompyuta yangu. Jana yake nilikuwa nimeipa namba ya mtambo kwa majaribio, nikasahau kuiondoa. Asubuhi hiyo niliiwasha, nikaenda zangu kunywa chai.

Atieno akainama, akaushika waya.

"Boss, nichomoe, ama utachomoa mwenyewe?"