Mgongo wa Kiganja

Jana mdogo wangu Chebet aliniuliza maana ya "roughen" kwenye kitabu chake cha Kiingereza. Nilimwambia ni kufanya kitu laini kikwaruze, nikamkumbuka mama.

Alasiri moja nilipokuwa mdogo, alirudi kutoka kuchuma chai, akinuka majani mabichi na mvua, akaanza kunipaka mafuta usoni. Vidole vyake vilinikwaruza shavu, nikamsukuma. "Wacha! Mbona umenikasirikia?"

"Hasira gani, wewe? Ni majani chai imenila mikono," alisema akicheka.

Sikumwamini. Tangu siku hiyo alinipaka kwa mgongo wa kiganja, mpaka alipofariki.

Niliacha shule, nikachukua kikapu chake cha kuchumia chai. Siku hizi nikimpaka Chebet mafuta, nageuza kiganja kabla hajanisukuma.