Rangi ya Kibaraza cha Rozalia

Elmer Takacs alipaka rangi nyumba za watu kwa miaka arobaini na miwili, na yake mwenyewe haikuonja brashi hata mara moja. Hakuwa mvivu. Alikuwa mjanja, au ndivyo alivyojiona, na mtaa mzima wa Wahungari pale Ohio ulimwamini.

Ujanja wenyewe ulikuwa huu. Kila baada ya miaka michache mthamini wa kodi ya majengo alipita akitazama nyumba kutoka barabarani, hata garini hashuki. "Ndani weka marumaru ukitaka," Elmer aliwaambia majirani kwenye foleni ya soseji baada ya misa. "Lakini mbele acha pabambuke. Yule jamaa anasoma rangi tu." Wakamsikiliza. Majiko yao yaling'aa, mapaa hayakuvuja, na vibaraza vya mbele vikabambuka kama viazi vilivyochemka kupita kiasi. Kodi ikabaki chini. Elmer akawa analetewa keki kila Krismasi, na kichwa kikamvimba.

Mmoja tu ndiye aliyenung'unika: Rozalia Bodnar, mjane wa nyumba ya jirani. Kibaraza chake kilijengwa na marehemu mumewe, János, kwa mikono yake mwenyewe.

"Kinaniuma kukiona hivi, Elmer."

"Vumilia, Roza. Mjane na kodi kubwa wapi na wapi?"

Akavumilia miaka kumi na tisa. Keki yake ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote.

Kisha jiji likaja na mpango wa kuujenga upya ukingo wa mto, na watu wakaitwa kwenye ukumbi wa kanisa. Ofisa wa mipango, Bi. Whitlock, alieleza kwa upole. Kiasi cha kodi cha leo kingeendelea kwenda shuleni kama kawaida. Thamani za nyumba zikipanda, kodi itakayoongezeka haitakwenda shuleni. Itaingia mfuko wa mradi, ilipie barabara, maegesho na maduka, na kubomoa nyumba zilizo njiani.

"Ila sheria inatutaka kwanza tuthibitishe kwamba eneo limechakaa," alisema, akawasha picha ukutani.

Picha ya kwanza ilikuwa kibaraza cha Rozalia. Ya pili, cha Elmer. Zikafuatana, kibaraza baada ya kibaraza, mpaka ukumbi mzima ukageuka kumtazama mtu mmoja.

"Haya, profesa!" alifoka Oros, muuza nyama. "Simama basi, utufundishe na hili!"

Elmer akasimama. "Mama, hiyo ni rangi tu. Mbao zake nzima kabisa. Mimi ndiye niliyewaambia wasipake."

"Uliwaambia hivyo kwa nini?"

Angetaja kukwepa kodi mbele ya mtu wa jiji? Akaketi.

"Fomu yetu," alisema Bi. Whitlock, "inauliza kinachoonekana kutoka barabarani."

Jumatatu asubuhi Elmer alikuwa mlangoni kwa Rozalia na ngazi begani.

"Unataka nini?"

"Kupaka. Madiwani wanapiga kura Septemba. Wakiiona nyumba inapendeza, huenda wakaikwepa."

Rozalia alifungua mlango wote. "Nyeupe," alisema. "Na nguzo kijani. János alitaka kijani."

Alipaka siku kumi na moja bila kudai hata kikombe cha kahawa. Alipomaliza, Rozalia alivuka barabara, akaitazama nyumba yake, akalia. Elmer naye alilia, ila alisingizia vumbi la msasa.

Kura ikapita, mradi ukakubaliwa. Novemba zikaja barua mbili kwa siku moja, na Rozalia akamwita Elmer jikoni amsomee. Ya kwanza: nyumba iko njiani, itanunuliwa na kubomolewa. Ya pili ilitoka kwa mthamini: kwa kuwa mbele pametengenezwa, thamani imepanda, na kodi imeongezeka tangu mwezi ule.

"Hiyo nyongeza inakwenda wapi?"

Elmer alijua. Mkutanoni alikuwa amesikiliza vizuri mno. "Kwenye mfuko wa mradi."

"Ule wa kubomoa?"

"Ndio, Roza."

"Kumbe tingatinga nalilipia mimi."

Alimkatia kipande cha keki, kama miaka yote, akamsogezea sahani, na Elmer hakuweza kuigusa.