Prosesa Iliyopigwa Rangi

Siku yangu ya kwanza kazini, Musoma mjini, nilikabidhiwa kitambaa. Kompyuta ilikuwa moja kwa ofisi nzima, imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono kama redio ya sebuleni. Karani Mkuu, mwanaume mrefu aliyevaa tai hata jua likiwaka, akaniambia: "Binti, kazi yako ni kuifunua asubuhi na kuifunika jioni. Kuiwasha nitawasha mimi." Nilikuwa na cheti cha ufundi umeme mkobani. Miezi mitatu nilifunua na kufunika. Siku ilipogoma kuwaka yeye aliipiga kofi ubavuni, mimi nikaifungua, nikakuta waya wa umeme umelegea, nikausukuma kwa kidole. Ikawaka. Akasema nimebahatisha. Ndivyo nilivyokuwa fundi wa kompyuta, na hasira nayo ilianza hapohapo. Wanaonijua watawaambia haijaisha.

Kompyuta za mezani za maofisini, wakati ule na nyingi mpaka leo, ni zile zinazotoka kiwandani zimeshafungwa kila kitu. Hukuchagua bodi wala feni. Zikizeeka, watu wanadhani dawa ni moja tu, kununua nyingine. Uongo. Prosesa ndiyo ubongo wa mashine, na ubongo huo unatoka na kuingia. Unaondoa wa zamani, unaweka wenye nguvu zaidi, na mashine inafanya kazi miaka mingine kadhaa. Ila mashine hizi za kiwandani zina kiburi. Soketi, yaani kitanda anacholalia prosesa, inaweza kufanana kabisa na bado bodi ikamkataa mgeni, kwa sababu bayosi, ile programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya kitu kingine chochote, haimjui. Kwa hiyo unaanza kwa kuisasisha bayosi, ndipo unashika bisibisi. Hayo niliyajua nilipohamishiwa Butiama, kwa kuharibu mashine yangu mwenyewe nyumbani, siyo ya serikali.

Halafu nikapelekwa Bunda, kwenye ofisi ambayo sitaitaja, maana nikiitaja nitaitukana. Mkuu wa Kitengo pale alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko yote: chakavu. Printa ikikwama karatasi, chakavu. Kiti kikilegea msumari, chakavu. Mezani kwake alikuwa na kompyuta ya aina ileile tuliyogawa mashuleni, mzigo mmoja, maboksi yaleyale. Tofauti ni kwamba za shule zilikuja na prosesa ya kore mbili, na yake ilikuja na kore nne. Kore ni kama wapishi jikoni: wakiwa wanne, chakula kinawahi. Wapishi wanne wa bosi walishinda wanampikia mchezo wa karata.

Sasa nimtaje Mwalimu Wambura. Alifundisha Historia kwenye sekondari moja nje kidogo ya Nyamuswa, na alikuwa haoni tangu utotoni. Kompyuta yake, mojawapo ya zile tulizogawa, ilikuwa na programu ya kusoma kwa sauti. Anabonyeza, inamsomea vitabu, inamsomea majibu ya wanafunzi yaliyochapwa, naye anaandika maswali ya mtihani akiisikiliza kila herufi. Nimewaona walimu wengi wenye macho mawili mazima ambao hawakumfikia nusu. Likaja toleo jipya la ile programu, na la zamani likawa halifungui tena nyaraka zinazotumwa. Jipya lilikuwa zito. Mashine yake ikaanza kugugumia, neno moja linakatwa mara tatu, linagoma, linarudi. Wanafunzi wakawa wanaiga. Mkuu wa Shule, badala ya kuwanyamazisha wanafunzi, akaandika kwamba mwezi ukiisha bila mashine kupona, mwalimu atatolewa darasani apewe "kazi nyepesi" ya kukaa mapokezi.

Kazi nyepesi! Mtu mwenye shahada, akae mlangoni akaribishe wageni asiowaona.

Nikaileta mashine Bunda, nikaifungua, nikaenda kwa bosi. "Inahitaji prosesa tu, bosi. Ya kore nne, kama iliyomo kwenye yako. Pawa saplai yake, kile kisanduku cha umeme, inaimudu, nimeangalia."

Hakunitazama. "Mashine nzee hiyo, Mama Magesa. Andika chakavu."

"Nikiandika chakavu, mpya inakuja lini?"

"Itakuja kwa utaratibu."

Nilikaa kwenye kile kiti chake kilicholegea mpaka akasaini maombi. Nilikaa kweli. Mhudumu alipita na chai mara mbili akanikuta palepale.

Prosesa ikaagizwa Mwanza, ikafika siku ambayo nilikuwa na kazi Butiama. Kawaida yetu, hakuna kitu kinachovuka mlango wa stoo bila kupigwa namba ya mali ya serikali. Mtunza Stoo alikuwa na brashi na kopo la rangi nyeupe ya mafuta, na alikuwa ameandika namba kwenye viti, ndoo, ngazi, hata mpini wa ufagio. Niliporudi alinipokea anatabasamu.

"Mzigo wako tayari, mama. Kibati chenyewe kidogo, lakini namba imeenea."

"Umeiandika wapi?"

"Chini, ili isionekane. Juu nimekuachia safi, si kunang'aaga vizuri?"

Nikaigeuza. Upande wa chini wa prosesa una mamia ya vidoti vya dhahabu. Hivyo ndivyo vinavyogusana na sindano za soketi, na kila kidoti kina kazi yake. Juu ya dhahabu yote ile kulikuwa na namba ndefu yenye alama za mkwaju, imekauka vizuri, mwandiko mzuri kabisa. Nilipiga kelele mpaka watu wa uhasibu wakatoka nje. "Chini ndiko inakoongelea! Umeiziba mdomo!" Akanijibu kwa upole kwamba utaratibu hausemi juu wala chini.

Nilisugua kwa spiriti na pamba asubuhi nzima. Rangi ilitoka, na dhahabu ikatoka nayo. Nikaiweka, feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Nikajaribu tena. Kilikuwa cheusi vilevile. Bosi alikuwa anafunga begi aende semina Mwanza. "Agiza nyingine mwaka wa fedha ujao," akasema, akaondoka. Mwezi wa Mwalimu Wambura ulikuwa umebakiza siku tatu.

Nilichofanya nakieleza taratibu, maana sioni aibu. Saa nne asubuhi, mlango wazi, niliziweka meza moja: mashine ya mwalimu na mashine ya bosi. Nilichomoa nyaya, nikabonyeza vitufe vya kuwashia ili umeme uliobaki uishe, nikashika bati la kasha ili mwili wangu usipeleke cheche. Nilifungua skrubu nne za feni, nikaizungusha kidogo iachie, maana pesti ya kupitisha joto ikikauka inashika kama ugali wa jana, na ukivuta kwa nguvu unaumiza bodi. Nikafuta, nikainua wenzo unaobana soketi, nikashika prosesa kwa kingo tu. Ya bosi ikaenda kwa mwalimu, ya mwalimu ikaenda kwa bosi. Unailaza, huikandamizi. Pesti mpya kiasi cha punje ya mchele. Bayosi nilikuwa nimeshaisasisha. Zote mbili zikawaka.

Nikapanda basi la Nyamuswa na mashine mapajani. Mwalimu Wambura aliweka mkono juu ya kasha kabla haijawaka, akafungua somo la kesho, na mashine ikasoma ukurasa mzima bila kusita. Akaizima.

"Mama, mimi nilikuwaga nimeshafungasha vitabu," akasema.

Kesho yake aliingia darasani.

Bosi alirudi, akalalamika wiki mbili. "Hii mashine imekuwa nzito."

"Labda tuiandike chakavu, bosi."

Haikuishia hapo. Mkaguzi wa Ndani alipita akiifuata namba ya stoo, akaikuta prosesa ile iliyokwanguliwa kwenye droo yangu, akauliza mashine ya Nyamuswa inaendeshwa na nini. Nikamwambia ukweli, sijui kusema mwingine. Wakaniita kwenye kikao, wazee wanne na soda zao. Wakauliza nani aliruhusu, kibali kiko wapi, namba iko wapi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mwalimu anafundisha. Aliyepaka rangi alishuhudia dhidi yangu. Wakaamua prosesa irudishwe kwa bosi.

Nikawaambia: "Nendeni mkaing'oe wenyewe, wakati wa kipindi, wanafunzi wakiwaona."

Hakwenda mtu. Wakanipa barua ya onyo kali, wiki tatu kabla sijastaafu, na nakala kwa Mkuu wa Shule. Kwenye kuagwa walinipa kanga na picha ya ukutani, wakasema nilikuwa mtumishi mtiifu. Walinidanganya mbele ya wanangu.

Sasa ninalima mahindi Bugwema, na vijana wa fani hii wakinipigia kuuliza, ninawaambia: jifunzeni mashine, lakini jueni mtagombana zaidi na watu. Mashine ikikataa, ina sababu. Msiandike chakavu kitu ambacho kuna mtu anakitegemea, hata akija nani na faili lake. Mtaitwa wakorofi. Mimi niliitwa mkorofi maisha yangu yote ya kazi, na bado ikiniamkia asubuhi hasira ile nachoka kabla sijashika jembe.

Wiki ya kwanza ya kustaafu, Mwalimu Wambura alinipigia.

"Mama Magesa, barua yako imefika huku. Mkuu wa Shule kaiweka kwenye mashine yangu, nikaisikiliza yote nikiwa darasani."

"Imesemaje?"

"Inasema kifaa ulichohamisha hakijaonekana kuwa na faida yoyote kwa ofisi. Ilipofika hapo nikairudisha, isome tena kwa sauti kubwa. Kidato cha Tatu chote kimesikia."