Shangazi Kwenye Kiti cha Majaribio

Kazini walimwita Ramani, na jina hilo lilimvimbisha kichwa. Kazi yake ilikuwa kupanga tovuti ya hospitali: kitufe gani kikae wapi, menyu ifunguke vipi, mgonjwa aanzie wapi aishie wapi. Ila alipenda skrini nyeupe, tupu, isiyo na maneno mengi. Kwa hiyo kila kitu alikificha ndani ya menyu ya vistari vitatu vidogo juu pembeni, kisha akashangaa watu hawakioni.

Tena hawakukiona mbele ya macho yake. Kabla tovuti haijafunguliwa, ofisi ilikaribisha watu wa kawaida, mmoja mmoja, wakae mbele ya kompyuta na kutafuta jambo fulani. Aliyeipanga hukaa nyuma yao, mdomo kaufunga. Hata kukohoa kwa kuelekeza ni marufuku. Dereva alipotea. Muuza viatu alipotea mpaka akaomba radhi.

"Watu hawasomi," Ramani alimwambia meneja wake.

Meneja, mama asiyepandisha sauti, akajibu kwamba mtu wa tatu akipotea, kazi atapewa mwenzake.

Ndipo akili ya Ramani ikamtuma vibaya. Mtu wa tatu akamtafuta mwenyewe: shangazi yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Jioni akamkalisha mezani na kumwonyesha njia, wakairudia mpaka vidole vya shangazi vikaizoea: vistari vitatu, Huduma, Miadi, Badilisha Siku.

"Na kesho, shangazi, usionyeshe kwamba unanijua."

Shangazi aliinua macho. "Nisikujue kivipi?"

"Niite bwana tu. Ni utaratibu wa ofisi."

"Haya. Kama ni utaratibu."

Asubuhi alikuja na gauni lake la kutokea, limenyooka kwa pasi. "Habari za asubuhi, bwana," alimsalimia, akampa mkono kama anavyompa mteja mgeni. Kitu kilimchoma Ramani moyoni, akakipuuza.

Meneja alimwomba shangazi abadilishe siku ya kliniki. Vidole havikusita, kufumba na kufumbua, kazi imekwisha. Meneja akapiga makofi, na Ramani huko nyuma akavimba kama aliyefanya la maana.

"Hongera, mama. Hebu sasa tutafutie majibu ya vipimo."

Hilo halikuwa limefundishwa. Shangazi akabonyeza picha ya daktari. Akabonyeza nembo. Akarudi mwanzo, akabonyeza nembo tena. Majibu yalikuwa ndani ya vistari vilevile, chini kidogo tu, lakini yeye alikuwa amekaririshwa njia moja. Mwishowe akageuka na kiti kizima.

"Mwanangu, hili hukunifundisha jana."

Meneja aliinua kichwa. Shangazi akaziba mdomo kwa kiganja, kisha akamgeukia meneja haraka.

"Samahani. Nimemfananisha. Huyu bwana simjui kabisa."

Alisema hivyo kwa uso mkavu, yeye, fundi pekee mtaani asiyemdanganya mteja siku ya nguo kuwa tayari. Ramani alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kunyamaza bado. Uongo ulikuwa umeshasemwa kwa ajili yake.

"Ni shangazi yangu," akasema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Ndiye aliyenilea. Nilimfundisha jana, nikamwambia asinijue."

Meneja hakumkaripia. Alimtazama tu, na heri angemkaripia, kisha akamwinamia shangazi. "Pole, mama. Wewe hujakosea kitu. Tovuti tutampa mtu mwingine aipange upya."

Shangazi alisikia hilo la mtu mwingine tu. Wakishuka pamoja, aliomba msamaha ngazi nzima mpaka chini: macho yake siku hizi hayaoni vizuri, angejifunza zaidi, amemharibia mtoto wa watu kazi. Ramani alitaka kumwambia kwamba mwenye kosa ni yeye, lakini akaishia kumfungulia mlango wa nje.

Mlangoni shangazi alisimama. Akageuka kuhakikisha hakuna anayewasikia, akauliza kwa sauti ya chini, bila kejeli hata chembe:

"Na hapa nje, nikuite nani?"