Mwaka Ambao Mama Hakumfumia Mtoto Wetu

Sufu ya kondoo ikilowa hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote. Ndani yake kuna mafuta, kuna moshi, kuna zizi baada ya mvua. Juzi nilinyeshewa nikiwa nimevaa sweta la kufumwa kwa mkono. Nikalivua mlangoni, nikalitundika kwenye kiti, na kabla sijawasha hata jiko nilikuwa nimesharudi uani kwetu Ngarenaro, niko darasa la nne, nina wasiwasi, na sijui nimwambie nani.

Mama yangu alikuwa fundi wa nyumbani. Asubuhi alioka, mchana alisokota nyuzi, jioni alifuma, na katikati ya hayo yote alipika, alifua na kunikemea. Manyoya ya kondoo yalitoka kwa Koko, bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa na kondoo wachache kule Oldonyo Sambu, upande wa pili wa Mlima Meru. Yalikuja ndani ya gunia yakiwa yamejaa miiba na vinyesi vikavu, nasi tuliyaosha kwenye beseni mpaka maji yakubali kuwa meupe. Baba alikuwa na karakana ya kuchomelea mageti mtaa wa nyuma. Alimtengenezea Mama gurudumu la kusokotea kwa rimu ya baiskeli, na oveni kwa pipa na vipande vya geti ambalo mteja alilikataa. Mlango wa oveni hiyo ulikuwa na maua ya chuma yaliyokusudiwa kupamba nyumba ya mtu mwenye uwezo. Baba alisema ndiyo sababu skonzi zetu zilikuwa na maringo.

Lakini kilichompa Mama jina mtaani ni nguo za watoto wachanga. Arusha ikianza baridi yake ya Juni, ukungu unakaa mpaka saa nne na mlima hauonekani wiki nzima, na kila mwanamke mwenye mimba alijua pa kwenda. Mama alimuuliza mwezi wa kujifungua, akachagua unene wa uzi, kisha akaanza: kofia, soksi, sweta, shali. Seti ikikamilika aliiosha, akaikausha kivulini, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka kwenye rafu ya juu. Za watu hizo, aliniambia. Usiziguse.

Mwaka huo tumbo la Mama lenyewe likaanza kukua. Hakuna aliyeniambia. Niliona tu, kama unavyoona mahindi yamerefuka. Nilikuwa mtoto wa pekee kwa muda mrefu na nilikuwa nimechoka kucheza rede na ukuta, kwa hiyo nilifurahi mno. Kila nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja kwenye kapu la Mama kuona amemwanzia mtoto wetu nini. Nilikuta uzi mweupe, wa Mama Zawadi jirani. Nilikuta wa njano, wa mwalimu fulani. Nilikuta masweta ya shule ya rangi ya kijivu. Cha kwetu hakikuwamo.

Siku moja nikamuuliza. "Mama, wa kwetu utamfumia rangi gani?"

Sindano zake zilisimama. Hakunikemea, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nenda kaangalie moto wa oveni," alisema.

Nilikwenda. Oveni ilikuwa baridi, haikuwa imewashwa tangu alfajiri. Nilisimama mbele ya yale maua ya chuma nikijifanya naangalia moto, kwa sababu sikujua nirudi ndani na uso gani.

Tangu siku ile nikawa mpelelezi ndani ya nyumba yetu. Mama Zawadi alipokuja kuchukua seti yake, akaitandaza mapajani akiisifia, alimuuliza Mama, "Na wewe wa kwako umeshamfumia?"

"Wa kwangu bado."

"Bado nini, na tumbo hilo?"

Mama alicheka bila kufungua mdomo, kisha akaanza kuikunja upya seti ambayo ilikuwa imeshakunjwa vizuri. Siku nyingine, tukiwa mezani, Baba alisema, "Huyu akija, kitanda cha Neema tutakisogeza dirishani." Mama aliinuka kwenda kuleta chumvi. Chumvi ilikuwa mezani. Baba aliitazama ile chumvi, akanitazama mimi, akaendelea kula.

Akili ya mtoto ikikosa maelezo hujitengenezea yake. Mimi niliamua kwamba Mama hamtaki mtoto. Mtu anayewafumia watoto wa mtaa mzima halafu wa kwake hamfumii hata soksi, ningemfikiria nini? Nililala na wazo hilo na kuamka nalo. Kanisani, shule ya Jumapili, wenzangu waliposali kwa ajili ya mitihani, mimi nilimwomba Mungu huyo mtoto asijue. Akizaliwa, asijue kwamba hakutakiwa.

Likizo ya Juni nikapelekwa kwa Koko. Kule upepo una vumbi na mlima unauona kwa nyuma, kama mtu aliyekugeuzia mgongo. Niliinamisha kichwa anisalimie kwa kukigusa, nikala, nikanywa maziwa, na siku iliyofuata nikachukua uzi mzito aliokuwa nao ndani pamoja na sindano zangu ndogo. Mama alikuwa ameshanifundisha kufuma. Nikaanza kofia.

Koko alikuwa amekaa kwenye kigoda akitoa miiba kwenye manyoya.

"Unamfumia nani?" aliuliza.

"Mtoto wa Mama. Yeye hamtaki."

Mikono yake ilitulia. "Nani amekuambia hamtaki?"

"Hakuna. Hajamfumia kitu chochote, Koko. Hata soksi."

Alitazama upande wa zizi kana kwamba kuna kondoo amemwita. "Mama yako usimuulize tena, nakerai," alisema. Aliniita hivyo, kwa neno la Kimaasai la mtoto, pale tu alipotaka nimsikilize sana. "Wewe fuma. Lakini ukimaliza, kofia ibaki hapa kwangu. Usishuke nayo mjini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Nilimaliza kofia yangu, nene, imekaza kama kikapu, nikamkabidhi. Aliiingiza sandukuni na kufunika. Nilirudi Ngarenaro nikiwa na hofu kubwa kuliko niliyokwenda nayo, kwa sababu sasa nilijua kuna jambo, na kwamba hata Koko analijua.

Shule zilikuwa zimeshafunguliwa ilipotokea. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kundi la pili la skonzi liko ovenini na Mama anakanda unga wa kundi la tatu. Ghafla akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alikaa hivyo, kichwa chini, mpaka nikaacha kufagia.

"Neema," aliita taratibu sana. "Kamwite Baba. Usikimbie ukaanguka."

Nilikimbia. Baba alikuja na miwani yake ya kuchomelea bado iko kwenye paji la uso, na bajaji nyuma yake. Mama alikuwa ameshajifunga kanga. Gaunini palikuwa na alama mbili za unga, pale alipokuwa ameshikilia tumbo. Alipokuwa anapanda nilimsikia akisema, si kwangu wala kwa Baba, "Bado mapema. Bado mapema mno." Kisha akageuka, akanikumbuka. "Skonzi zikibadilika rangi uzitoe."

Bajaji ikaondoka. Nyundo za karakana za jirani ziliendelea kugonga kama kawaida, na hilo lilinikasirisha. Nilijifunga vitambaa mikononi, nikafungua ule mlango, nikazitoa skonzi. Zilikuwa nzuri ajabu, zimeumuka, zina rangi ya asali. Hakuna aliyezila. Mama Zawadi alikuja kukaa nami, akanipikia ugali, akaniambia nisiwe na wasiwasi kwa sauti ambayo ilinizidishia.

Baba alirudi giza likianza kuingia. Alikaa kwenye benchi la nje kabla ya kuvua viatu.

"Amezaliwa," alisema. "Mvulana. Ni njiti."

Njiti niliyoijua mimi ni ya kiberiti. Nilimwona mdogo wangu akilini, mwembamba, ana kichwa cheusi, amelala ndani ya kisanduku, na yeyote anaweza kumvunja. Nililia mpaka Baba akanieleza kwamba ndivyo wanavyowaita watoto waliozaliwa kabla ya wakati.

"Muuguzi anataka kofia ya joto," alimwambia Mama Zawadi. "Kofia na soksi." Kisha akaingia ndani, nami nikamfuata. Alisimama mbele ya rafu. Nyumba nzima ilikuwa uzi mtupu, uzi kwenye kapu, uzi kwenye mabonge, uzi unaning'inia kwenye msumari, na zile seti zimepangwa juu kwenye mifuko yake. Alinyoosha mkono, akaurudisha.

"Mama yako amesema nisipeleke kitu," alisema, nadhani zaidi kwa rafu kuliko kwangu. "Amesema nisichukue za watu, na nisinunue."

Nilijua kofia yangu imekatazwa kushuka mjini. Lakini niliyaona mabega ya Baba yameshuka.

"Kuna kofia moja," nilisema. "Iko kwa Koko."

Akatoa simu mfukoni.

Koko alishuka na gari la kwanza la asubuhi, kofia iko kifuani chini ya shuka lake, kana kwamba nayo ni mtoto. Alinishika mkono mpaka hospitali. Watoto hawakuruhusiwa wodini, ila muuguzi mmoja aliyekuwa na haraka alisema nisimame mlangoni na nisiguse kitu.

Mama alikuwa ameegemea mito, amefungwa kitenge, na kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, kulikuwa na kitu kidogo kuliko skonzi mbili. Koko alitoa kofia. Mama aliitazama.

"Nani amefuma?"

"Mimi," nilisema kutoka mlangoni.

Aliichukua. Aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono kutafuta fundo la kumkwaruza mtoto, kama alivyofanya kwa kazi zote. "Hapa umekaza sana," alisema. Kisha akaishikilia mkononi, hakumvalisha.

"Mama, kichwa ndicho kinachopoteza joto," muuguzi alisema. "Tumvalishe."

Mama alimtazama Koko. Koko alimwambia kwa Kimaasai maneno machache ambayo sikuyasikia vizuri, akamwekea mkono begani. Mama alifumba macho, akakubali kwa kichwa. Kofia ilimmeza mtoto mpaka kidevuni. Muuguzi aliikunja, akaikunja tena, mpaka tukaona pua. Nilipoiona ile pua ikipumua, nami nikakumbuka kupumua.

Aliitwa Elia. Waliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya wiki nyingi, na hata nyumbani Mama aliendelea kumbeba kifuani mchana kutwa. Hakusokota, hakufuma. Mimi na Baba tulioka, na wateja walivumilia skonzi zilizoungua chini kwa sababu walijua habari zetu. Wasiwasi haukuniisha. Nilikuwa nikitoka shule nasimama kwanza mlangoni kusikiliza kama kuna kilio ndani. Kikiwepo, naingia. Kisipokuwepo, nasubiri.

Nilikuwa nimeshamaliza sekondari Koko aliponieleza, tukiwa wawili tunachambua manyoya. Kati yangu na Elia walikuwapo wengine wawili. Wa kwanza nilikuwa mdogo mno kukumbuka; wa pili nilipelekwa kwake Oldonyo Sambu, nikaambiwa Mama anaumwa. Wote wawili Mama alikuwa amewafumia mapema, seti kamili, nyeupe, zimekunjwa zinasubiri. Wa pili alizikwa amevaa yake.

"Mama yako akaniambia, mimi nikifuma ndiyo nawaita waondoke," Koko alisema. "Nilimwambia si kweli. Lakini hofu haiulizi kweli ni ipi."

Nilikaa na mkono ndani ya gunia. Nilifikiria mama yangu akiwapimia wanawake wengine uzi, akiwauliza mwezi, akisikia wakisifia, mwaka baada ya mwaka. Nilifikiria pia kwamba mwaka ule tulikuwa wawili nyumbani tunaomwogopea mtoto yuleyule, na kila mmoja alimficha mwenzake.

Kuna jambo moja tu ambalo Koko hakuhitaji kunieleza, kwa kuwa nililiona mwenyewe. Elia alipoanza kusimama kwa kushika viti, katika baridi ya Juni iliyofuata, nilitoka shule nikamkuta Mama barazani na sindano mikononi. Uzi ulikuwa wa bluu, ameutia rangi mwenyewe. Sikuuliza ni wa nani. Nilipita taratibu nikakaa mbali nikimwangalia, naogopa hata kukohoa asije akaacha. Hakuacha. Alifuma siku hiyo na zilizofuata, mbele ya Mama Zawadi, mbele ya wateja, mbele ya yeyote aliyepita uani.

Sweta lilipokwisha akamvalisha Elia. Lilishuka mpaka magotini, na mikono ilimpita vidole ikaning'inia. Nikamwambia Mama, kwa majivuno ya mtu ambaye sasa anajua kupima, "Limekuwa kubwa. Umekosea."

Alimkunjia mkono mmoja, akamkunjia wa pili.

"Sijakosea," alisema. "Ni la mwakani."

Nilidhani anabana matumizi ya uzi, kama wazazi wote wa mtaa wetu walivyotununulia viatu vya kukulia. Sasa ninao wanangu, na ndiyo kwanza najua ilimgharimu nini mama yangu kulitamka neno lile kwa sauti.