Mchuzi Tu

Binti wa ndugu yangu anasomea PhD. Utafiti wake ni jinsi Wayahudi wachache wa huku kwetu wanavyowafundisha watoto wao dini, na mimi ndiye msaada wake: analala kwangu Sigowet, anakula kwangu, na pikapu yangu ya kubeba ng'ombe ndiyo inayompeleka kazini. Mimi ni dalali wa ng'ombe. Mwenye ng'ombe akisema hapana, hapo ndipo mimi huvuta kiti.

Mwalimu wa hao watoto, mama wa makamo anayeishi juu ya Chepseon, alimzungusha kwa miezi. Hakutaka mgeni darasani. Mwishowe akasema atakuja kwanza aone binti huyu anakaa kwa watu wa aina gani.

"Baba mdogo, usipike nyama," binti aliniambia. "Yeye hali nyama iliyochinjwa na watu wengine, wala hachanganyi nyama na maziwa. Ndizi na chai ya rangi zinatosha."

Nilisikia, lakini nikaelewa vile nilivyotaka. Nikadhani anauhurumia mfuko wangu. Mgeni aje kwa Mkipsigis aondoke bila nyama, majirani waseme nini? Nikachinja mbuzi. Nikahesabu sahani, nikarudia kuzihesabu, nikaweka kibuyu cha mursik, maziwa yetu yaliyoganda, katikati kabisa ya meza.

Mwalimu alinawa, akaketi, akasema kwa upole, "Asante, baba. Nyama sitakula. Chai inanitosha."

Kwa masikio yangu hiyo ilikuwa bei ya kufungulia.

"Kipande kimoja tu, mwalimu. Huyu mbuzi alikufa kwa sababu yako."

"Pole kwake. Sitakula."

"Basi mchuzi tu. Mchuzi si nyama."

"Hapana, baba."

"Na maziwa kidogo juu yake, uteremke vizuri?"

Mke wangu alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mimi nikaona tunakaribia kupatana. Nikachukua kipande cha ubavu nikakiweka kwenye sahani yake.

Binti aliinuka, akaiondoa ile sahani bila kuniangalia. Mwalimu akafungua mkoba, akatoa ndizi, akaimenya. Alikuja na yake. Ni kama alikuwa ananijua.

"Watoto wangu," alisema, "hicho ndicho ninachowafundisha hata kabla ya kusoma. Kukataa kwa adabu. Wanabembelezwa kila mahali: kipande tu, mchuzi tu." Akamgeukia binti. "Wewe ukimuuliza mtoto swali, naye akatae kujibu?"

"Nitafunga kitabu."

"Hutambembeleza?"

"Mwalimu, mimi si dalali."

Sokoni nimeitwa majina mengi, mwizi likiwemo, na bado nikala chakula changu cha mchana. Lakini hilo la dalali lilinishuka mpaka miguuni. Mbuzi mzima alikuwa mezani na sikujua niangalie wapi.

Mwalimu alikubali. Darasa la Jumapili, kwa sababu Jumamosi, Sabato yao, hakuna kuandika. Na aje peke yake.

Kwa hivyo siku hizi, wenzangu wakiwa kanisani, mimi huegesha barabarani kando ya shamba la majani chai. Jumapili ya kwanza mkoba wa binti ulikuwa mzito. Nikasema nimbebee hadi mlangoni.

"Hapana, baba mdogo."

"Mpaka getini tu" ilikuwa tayari imefika kwenye ulimi. Nikaushika usukani kwa mikono miwili, nikamwangalia akipanda kilima na mzigo wake.